Jinsi ya Kuonyesha Slaidi Mbele ya Mama Yako

Kanuni ya kwanza ya kuonyesha slaidi ni kuziba madirisha. Vitabu havisemi hivyo, kwa sababu wanaoviandika wanaishi katika nchi ambazo jua hutoka kwa kubahatisha. Kwetu Diani, saa nne ya asubuhi, projekta ya miaka ile ya tisini haikufua dafu. Unaiwasha, inanguruma mpaka vikombe vinatikisika, halafu ukutani huoni kitu ila kivuli cha nzi. Sisi tulikuwa tukiziba madirisha kwa vitambaa vya meza vya ukumbi wa kulia, vyekundu, tumevibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vitambaa vyenyewe havikuwa na kazi nyingine. Wazungu waliokuwa wakitandikiwa walikuwa wamekimbia.

Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika hoteli moja ya ufukweni. Baada ya vurugu za mwaka wa uchaguzi na mvua kubwa zilizofuatia, nusu ya vyumba vilifungwa na bwawa la kuogelea likaachwa likakauka. Meneja wetu, mtu wa bara aliyeiogopa bahari kama deni, akaamua kwamba hoteli itaishi kwa semina. Alinunua kompyuta moja na projekta moja, akaubandika ukumbi wa disko jina la Kituo cha Mikutano, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe si umesoma taipu? Hii nayo ni taipu tu, ni vile iko na picha."

Nikapewa kitabu cha maelezo cha Kiingereza na wiki mbili za kujifunza. Sijisifu, lakini nilijifunza vizuri kuliko alivyotaka. Niligundua, kwa mfano, kwamba programu ile ilikuja na sauti zake: breki za gari, kioo kinachovunjika, makofi, na mlio wa risasi. Sijui ni nani huko walikoitengeneza aliyeketi akafikiri kwamba mtu anayeonyesha mauzo ya sabuni atahitaji mlio wa risasi. Mimi nilimwekea bwana mmoja wa sabuni, kwa kuwa alitaka kitu cha kuamsha watu, na ilikuwa miezi michache tu tangu mji wetu wa Ukunda ulale na milio ya risasi za kweli. Mlio uliposikika, weita wetu aliyekuwa akimimina chai aliingia chini ya meza pamoja na birika, na mhasibu wa sabuni akarukia nje kupitia dirishani na kitambaa cha meza shingoni. Hakikuharibika kitu ila chai. Ushauri wangu ni kwamba makofi yanatosha.

Herufi ziwe kubwa. Kipimo changu kilikuwa mpishi mkuu, ambaye macho yake yalikuwa yameliwa na moshi wa miaka mingi. Nilikuwa nikimketisha kiti cha nyuma kabisa na kumwambia asome. Akisoma, tunaendelea, akianza kutunga ya kwake, naongeza herufi. Mistari isizidi sita kwa slaidi moja. Ukizidisha, watu wanaacha kukusikiliza wewe wanasoma ukuta, na wakimaliza kusoma wanaulizana chakula cha mchana ni nini.

Na simu zizimwe. Wakati ule simu ya mkono ilikuwa mali ya mabwana wachache, kubwa kama kiatu cha mtoto, nayo ilining'inizwa kiunoni ili kila mtu aione. Ndani ya ukumbi wetu ziliweza kulia, lakini kuzungumza haikuwezekana. Sauti ilikatikakatika. Mtandao wa kueleweka ulipatikana mahali pamoja tu, napo ni kwenye ncha ya ubao wa kurukia majini, juu ya lile bwawa kavu. Kwa hivyo ungemwona mkurugenzi mzima na tai yake akipanda ngazi, akisogea taratibu mpaka mwisho wa ubao, shimo tupu chini yake, akipiga kelele, "Haloo! Haloo! Unanipata?" Wapishi walikuwa wakitoka jikoni kuangalia. Tulikuwa na uhaba wa burudani.

Basi hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu mitambo, na nilidhani yametosha. Sasa nimlete mama.

Mama yangu alikuwa mama karanga. Kwetu hilo ni jina la kazi, la mwanamke anayenunua samaki wadogo kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza. Yeye alikuwa akiuzia Kona ya Musa, mahali ambapo kila gari la Ukunda lazima lisimame na kila mwenye njaa lazima ashuke. Samaki aliwachukua dikoni, pale ngalawa zinapopakua, na kutoka diko mpaka barabarani palikuwa na njia moja tu, kijia cha mchanga na mawe kilichopita katikati ya viwanja viwili, hatua chache kutoka hoteli yetu. Alikipita mara mbili kwa siku na beseni kichwani tangu kabla sijazaliwa. Nami nilipozaliwa nilikipita mgongoni mwake.

Ikatokea tajiri mmoja wa mbali akavinunua viwanja vyote viwili, akataka kuvizungushia ukuta mmoja. Njia ikizibwa, wanawake wangelazimika kuzunguka mwendo wa saa nzima juani, na samaki aliyepigwa jua saa nzima hata paka wa Ukunda humkunjia pua. Kwa ufupi, njia ikifungwa mama hana kazi, wala wenzake wa dikoni. Walilalamika, wakalalamika tena, mpaka afisa wa ardhi akasema atakuja kuwasikiliza wote siku moja, mahali pamoja. Wakala wa yule tajiri, kijana wa mjini mwenye simu kiunoni, akajitolea kulipia ukumbi na chakula. Ukumbi aliouchagua ulikuwa wetu.

Meneja aliniita ofisini akafunga mlango.

"Nimesikia huyo mama wa samaki ni mathe yako. Wewe ni staff. Staff hana upande, umeelewa? Client akitaka kitu, unafanya."

Nilisema nimeelewa. Siku iliyofuata wakala akaja na karatasi ya miraba aliyoichora kwa kalamu, akataka slaidi sita, ya nne iwe ramani. Kwenye karatasi yake viwanja viwili vilikuwa vimegusana. Katikati hapakuwa na kitu.

Nikichora ramani ile nilijua ninachokichora. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili nikijifanya mjinga, na watu wakanionea huruma nisiyostahili. Nilichora mstatili wa kwanza nikautia kijani. Ukishauchora mmoja huna haja ya kuchora wa pili. Unaunakili tu, unausogeza mpaka ukae bega kwa bega na mwenzake. Nikauweka. Upande wa kulia nikaiweka hoteli yetu, mstatili wa manjano, na chini nikaitandaza bahari ya buluu. Ilipendeza. Wakala alisimama nyuma yangu akasema, "Aisee, hiyo iko poa kabisa," na mimi, binti wa mama karanga, niliona fahari. Nilijiambia kwamba hii ni picha tu, ramani ya kweli iko kwenye kabati la serikali. Tena nilikuwa kwenye kazi ya majaribio, na meneja alikuwa akitafuta mtu wa kupunguza. Sababu zote hizo ni za kweli, na hakuna hata moja iliyoniondolea aibu.

Afisa alikuwa amesema kila upande upate muda sawa na vyombo sawa. Kwa hivyo meneja hakuwa na budi kuwaruhusu akina mama nao wapate slaidi zao, mradi nisionekane nikiwasaidia siku yenyewe. Niliwatengenezea nane, wakati wa mapumziko ya mchana. Walikuja wanne kuzikagua, wakaketi ukumbini na leso zao wakiwa wima kama wanaopigwa picha. Kwenye slaidi ya tatu nilikuwa nimeweka samaki aliyekuja na programu, mnene, mwekundu, anacheka na meno yote.

"Huyu samaki gani?" mama akauliza.

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano wa nini? Sie huyu hatumkaangi. Huyu akikaangwa watu watahara."

Tuliendelea naye kwa sababu hapakuwa na mwingine. Samaki wa pili wa programu alikuwa amevaa kofia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na ni kosa ambalo kwa Mzungu lisingekuwa kosa. Nilijua siku hiyo siruhusiwi kusogelea kompyuta wakati mama anazungumza. Rimoti hatukuwa nayo. Lakini programu ilikuwa na namna ya kujiendesha yenyewe. Unafanya mazoezi mara moja, unasoma slaidi zako kwa sauti, nayo inahesabu umetumia sekunde ngapi kwa kila moja. Siku yenyewe inageuza kurasa kwa muda ule ule bila kuguswa na mtu. Niliona ni jibu la Mungu. Nikafunga mlango, nikasimama mahali pa mama, nikazisoma zote nane kwa sauti yake. Nilipata kama sekunde ishirini kwa kila slaidi. Nikahifadhi, nikaenda nyumbani nikiwa na amani ya moyo.

Siku ikafika. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani na kikohozi. Wakala alianza. Alikuwa msemaji mzuri, na slaidi zake, sina budi kusema, zilikuwa safi. Ramani ilipotokea alichukua fimbo ya kuchezea biliadi, iliyobaki hapo tangu enzi za disko, akaigonga ukutani.

"Sasa mnaona wenyewe. Plot ya kwanza, plot ya pili. Ziko zimeshikana. Hakuna njia hapa, haijawahi kuwa. Watu walikuwa wanapitia tu kwa shamba ya mtu."

Afisa akaitazama ramani, akaandika kitu. Hata mimi, niliyejua wazi kwamba ule mstatili niliuweka kwa mkono wangu, niliutazama nikaanza kuuamini. Kitu kikiwa ukutani kikiwaka, akili yako inakipigia saluti.

Kisha akaitwa mama. Niliibonyeza kompyuta mara moja, nikarudi kona ya mbali karibu na birika la chai, mikono nyuma, staff asiye na upande.

Slaidi ya kwanza ilikuwa na jina la kikundi. Mama alisimama, akajitanda leso vizuri, akatoa salamu ya dini kwa Waislamu. Ikaitikiwa. Akawageukia wasio Waislamu akawajulia hali. Afisa, alikuwa na adabu zake, akamwamkia shikamoo, na mama akaipokea marahaba, akamuuliza habari za safari, na za nyumbani, na za watoto, na kikohozi hicho amekifanyia nini. Slaidi ya pili ikapita. Mama akawapa pole wote kwa barabara zilizokatwa na mvua. Akasema kwamba mwenzao mmoja leo hayupo, amekwenda Jego kwenye matanga, na haingekuwa vizuri kuanza bila kumwombea marehemu. Watu wakainua mikono. Wakati wa dua, juu ya kichwa cha mama, akatokea yule samaki mwekundu akicheka na meno yote.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi nimezaliwa na mwanamke huyu. Nimeishi naye chini ya paa moja maisha yangu yote. Sijawahi hata siku moja kumwona akinunua kibiriti bila kumuuliza mwenye duka habari za mkwewe. Na bado nilimpa sekunde ishirini.

Slaidi ya nne na ya tano zilipita akiomba radhi kwa wakubwa, kwamba yeye hakusoma, na akiteleza asahihishwe. Ya sita ilipita akiwashukuru wapishi. Ya saba ndiyo iliyokuwa na hoja yenyewe, mistari mitano niliyokesha nikiitafutia maneno, nayo ilijitokeza, ikangoja kidogo, ikaondoka zake wakati mama akimshukuru meneja kwa kiyoyozi. Alipofika kwenye "Ama baada ya salamu," ukutani kulikuwa kumeandikwa ASANTENI KWA KUNISIKILIZA. Na kwa kuwa nilikuwa nimepania kufanya vizuri, kompyuta ikapiga makofi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakala alicheka akashika mbavu. Afisa alikohoa ili asionekane anacheka. Mama akageuka, akautazama ukuta ukizimika na kuwa mweusi, akanitafuta kwa macho mpaka kwenye birika.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Nami sijaanza."

Kicheko cha mara ya pili kilikuwa upande wake, naye alikipokea mkono kiunoni. Wakati huo huo simu ya wakala ikalia. Aliitazama, akaona ni mkubwa wake, na akafanya kosa ambalo namwombea kila mwenye simu aepushwe nalo. Alitoka kwenda kujibu, na ramani yake ikiwa bado ndani ya kompyuta. Kupitia upenyo wa kitambaa cha meza nilimwona akipanda ngazi za ubao.

"Bwana mkubwa," mama akamwambia afisa, "hizi zangu zimekimbia. Naomba turudishiwe ile ya bwana, ile yenye rangi."

Afisa akaitikia. Meneja akanitupia jicho, lakini aliyetoa amri ni afisa, na afisa ni serikali. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaifungua slaidi ya nne. Ukuta ukawaka kijani na buluu.

Mama akaisogelea karibu, mpaka kivuli chake kikaingia baharini.

"Aliyeichora hii ni nani?"

Wakala alikuwa nje akipiga haloo. Ningeweza kunyamaza, na naamini mambo yangepita vile vile, na mama asingejua kamwe.

"Ni mimi, mama."

Nilisikia nyuma mwanamke mmoja akisema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mama hakugeuka kumtazama. Alinitazama mimi, na sikuona hasira. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia mtu anayemfahamu ila jina limempotea.

"Njia iko wapi?"

"Haimo."

"Kwa nini haimo?"

"Sikuambiwa niichore."

"Na ukiambiwa?"

"Nitaichora."

"Haya. Mimi mamako nakwambia."

Meneja akainuka nusu kutoka kitini. "Madam, hiyo ni kazi ya client..." Afisa akamwonyesha kiganja. "Hebu tuone," alisema. Nikatoka kwenye onyesho, nikarudi mahali pa kuchorea, ambapo kila kitu kinashikika. Nikaishika ile mausi, ambayo siku hizi wasomi wanaiita kipanya, nikaubonyeza mstatili wa pili, nikausukuma kulia kwa upana wa kidole. Katikati ikatokea njia, nyeupe, imenyooka mpaka baharini.

Wanawake walipiga vigelegele. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama afisa. Alikuwa amevua miwani.

"Irudishe kama ilivyokuwa."

Nikairudisha. Njia ikapotea.

"Itoe tena."

Nikaitoa.

"Irudishe."

Aliniamuru hivyo kama mara nne, kila mara akiinama mbele zaidi. Nyuma kule, yule yule aliyesema ya kikulacho akauliza, "Na hoteli je? Nayo yatembea?"

Nilijua haifai. Lakini nilikuwa nimeshakwisha, na aliyekwisha haogopi. Niliibonyeza ile hoteli ya manjano, nikaiburuta taratibu kutoka nchi kavu, nikaipitisha ufukweni, nikaiacha katikati ya bahari. Ukumbi ulivuma. Meneja, ambaye kama nilivyosema bahari haikuwa rafiki yake, alikaa chini akashika kichwa.

Hapo ndipo wakala aliporudi na simu mkononi, anatabasamu kwa habari njema alizopewa. Alisimama mlangoni. Ramani yake ilikuwa na njia pana, na ukumbi aliolipia ulikuwa umezama.

"Bwana," afisa alimwambia bila kupandisha sauti, "hii uliyotuonyesha si ramani. Hii ni kama unga wa chapati, kila mtu anausukuma atakavyo. Niletee ile yenye mhuri wa wapimaji. Kabla sijaiona, jiwe moja lisiwekwe pale." Akafunga faili, akamuuliza mama kama chakula kilikuwa tayari, maana ameona ni yeye anayejua ratiba.

Ramani ya mhuri ilichukua wiki kadhaa kupatikana. Ilipokunjuliwa, njia ilikuwamo, imechorwa kwa wino mwembamba na vipimo vyake pembeni, imekaa humo kabla ya mimi kuzaliwa. Ukuta ulijengwa, lakini ulikuwa kuta mbili, na katikati watu wanapita.

Mimi nilifukuzwa kazi. Meneja aliandika barua ya kunifukuza kwa mkono, akakumbuka kwamba mpiga taipu wa hoteli ni mmoja, akaniletea niipige. Niliipiga. Nilimsahihishia makosa mawili, nikatoa nakala mbili, yake na yangu, nikamletea asaini. Alisaini bila kunitazama, akaniuliza kama naweza kumwonyesha yule atakayenirithi namna ya kuwasha projekta. Nilimwambia aanze na kuziba madirisha.

Jioni ya siku ile ya kikao mama hakuligusia jambo lile. Wala siku iliyofuata. Watu walinisifu njiani, akina mama wenzake waliniletea kahawa na mahamri, kila mmoja akasimulia jinsi hoteli ilivyoogelea. Yeye alipika, akanipakulia, akaosha vyombo. Kwa kuwa sikuwa na kazi nilianza kumsaidia ya kwake. Nilikuwa nikimchukulia beseni kutoka diko, nikijifunza kwamba mchanga wa saa sita unachoma hata ukiwa na ndara, na kwamba beseni la samaki ni zito kuliko lionekanavyo kichwani mwa mtu mwingine. Njia nilikuwa naijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuipita na mzigo.

Siku moja, kitambo baada ya ile ramani ya mhuri, tulikuwa kibandani Kona ya Musa. Mafuta yalikuwa yameshika moto, yeye akiwatia samaki mmoja mmoja, mimi nikiwapaka chumvi na pilipili. Aliniuliza bila kuinua uso.

"Ile siku uliyoichora. Kuiondoa njia yangu kulikuchukua muda gani?"

Nilijua jibu. Nilishausema ukweli mara moja mbele ya ukumbi mzima, na kuusema tena hapa, tukiwa wawili tu, kulipasa kuwa rahisi. Ulikuwa mguso mmoja wa kidole. Siku ile, nikibonyeza, nilikuwa nikitafuna njugu.

Niliutazama mkono wake uliokuwa juu ya karai, na alama za mafuta kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko.

"Siku nzima, mama," nikamwambia. "Ilikataa kutoka."

Akamgeuza samaki aliyekuwa mbele yake, akavuta pumzi.

"Afadhali," alisema.

Aliniamini. Mpaka tunamzika aliniamini.